Chupa Mia Sita

Katibu wa kamati aliandika: maji, katoni hamsini,
kila katoni chupa kumi na mbili, zenye sura zetu.
Nilikubali. Nani angekataa?
Mchapaji wa Kariakoo akatuletea sampuli,
tukaipokezana juu ya vikombe vya chai:
mimi na kilemba cha dhahabu, Pazi na tai nyekundu,
chini yetu maandishi ya kupindapinda,
MWASITI NA PAZI, PENDO LA MILELE.

Ukumbini Tabata watu walikunywa nusunusu,
maana soda ilikuwa bure.
Zilizobaki zikaanguka chini wakati wa kucheza,
mashoga zangu wakanikanyaga paji la uso,
krak, krak,
nami nikacheka.
Saa nane za usiku vijana wa ukumbi walifagia,
wakatumwaga nyuma, mtaroni.
Nilikwishaondoka. Gari lilikuwa na maua.

Miaka sita.
Pazi ameota kitambi, mimi nimeota ukali.
Masika ya mwaka huu Msimbazi ulifurika,
ukaingia Kigogo bila hodi,
ukampandia shangazi Mwanahawa hadi usawa wa dirisha.
Ukakaa siku mbili, kama mgeni.
Ya tatu ukaondoka, jembe ukatuachia sisi.

Tulizoa tope kwa sufuria, kwa beseni la kufulia.
Albamu ya harusi, ile ya jalada la mahameli
niliyompa shangazi anitunzie,
ilikuwa uji.
Nikifunua ukurasa, nyuso zinabaki upande wa pili.
Ndipo mwanangu akaniita kutoka uvunguni:
"Mama, si wewe huyu?"

Nikaisugua kwa kidole gumba.
Kilemba bado dhahabu. Tai bado nyekundu.
Tunacheka kama tuliolipwa.
Sijui ililala wapi miaka yote hiyo,
chini ya kivuko gani, kwenye koo la mfereji wa nani.
Katika picha zote za siku ile
imebaki hii.
Na siku ile hatukuulizana
milele tuliyoiandika ilikuwa yetu au ya chupa.

Shangazi alikuwa anakamua godoro.
Hakugeuka.
"Na wenzenu," akauliza, "wako njiani?"

Niliipeleka Mburahati kwa Mama Tatu, mnunuzi wa makopo.
Akaitazama, akanitazama,
akairudisha: yenye tope hapimi,
halafu moja, mwanangu, mizani haiioni.

Basi Jumapili nikaenda nayo kikaoni,
harusi ya mdogo wangu Sefu, ajenda ya nne, vinywaji.
Nikaisimamisha mezani karibu na sahani ya bagia.
Nikasema: maji ya mapipa, glasi za kukodi,
kuosha nitaosha mwenyewe.
Mtu akakohoa.
Mwenyekiti, Bwana Mbonea, akavaa miwani,
akamwangalia Mwasiti wa kwenye chupa,
akamwangalia wa kwenye kiti, mwenye tope kwenye kucha.
"Glasi, dada? Watu watasema tumeishiwa."

Walijadili kwa muda mrefu. Waliguswa, sitawasingizia.
Mjomba mmoja alitikisa kichwa mpaka bagia yake ikapoa.
Mwingine akataka kujua shangazi amepata godoro jingine,
wakamchangia hapohapo, elfu tano tano.
Pazi alinishika mkono chini ya meza,
nikajua tumeshindwa.

Kisha katibu akainama juu ya daftari.
Niliifuata kalamu yake kwa macho, neno kwa neno:
maji, chupa mia nane.
Lebo nyeupe.
Zisiwe na sura ya mtu.